Mvua za Masika Katika Tambarare: Utabiri Usomweje, na Chama Kijiandaeje



Kila mwaka, kabla ya mvua za Masika kuanza, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutangaza mwelekeo wa mvua hizo. Tangazo hilo husomwa redioni, huandikwa magazetini, na siku hizi hufika katika simu za mkononi kabla Katibu hajafungua mlango wa ofisi. Kwa vyama vyetu vyenye mashamba katika tambarare zilizo chini ya mlima Kilimanjaro na milima ya Upare, ni machache sana matangazo ya serikali yanayogusa fedha za wanachama kwa upesi kama hilo. Chakula cha nyumba nyingi na malipo ya mikopo ya pembejeo hutegemea miezi mitatu tu: Machi, Aprili na Mei.

Hata hivyo, katika kazi yangu ya ukaguzi nimekuta mara nyingi kwamba tangazo hilo hupokewa kwa njia mbili, na zote mbili ni za hasara. Wako wanaolichukua kama hati ya ahadi: wakisikia kuwa mvua zitakuwa nzuri, huagiza pembejeo zote kwa mkopo na kuzigawa zote kwa siku moja. Wako pia wanaolipuuza kabisa, wakisema kuwa mvua ni kazi ya Mungu na kwamba wataalamu hubahatisha tu. Makala haya yanakusudia kueleza utabiri wa Masika ni kitu gani, nguvu yake iko wapi, udhaifu wake uko wapi, na kwa hiyo chama kiutumieje.

Jambo moja nataka libaki kwa msomaji. Utabiri wa msimu haumwambii mkulima kitakachotokea. Unamwambia ni lipi lenye nafasi kubwa zaidi ya kutokea, na lipi lenye nafasi ndogo. Ndogo si sifuri. Kwa sababu hiyo, wajibu wa chama ni kujipanga ili kisianguke hata likija lile lenye nafasi ndogo.

MASIKA HUTOKA WAPI

Mvua zetu hulifuata jua. Karibu na ikweta uko ukanda wa mawingu, mahali ambapo pepo zitokazo kaskazini na pepo zitokazo kusini hukutana. Ukanda huo husogea kadiri jua linavyosogea. Mwezi wa Machi jua huwa juu ya ikweta likielekea kaskazini. Ukanda hupita juu yetu, upepo wa kaskazi hupungua nguvu, na upepo wa kusi huanza kuleta unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Hapo ndipo Masika huanza. Jua linaporudi kusini, kati ya Oktoba na Desemba, ukanda hupita tena, nasi hupata mvua za Vuli.

Misimu hiyo miwili ni ya mikoa ya kaskazini mashariki, ya pwani ya kaskazini na visiwa vya Unguja na Pemba, na ya Kanda ya Ziwa Viktoria. Dodoma, Singida, Tabora, Mbeya, Lindi na Mtwara hupata msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba na kuishia Aprili au Mei. Kwa hiyo mwanachama wa Kahe anayesikia habari za mvua za Dodoma asidhani kwamba ameambiwa habari za shamba lake.

Katika nchi yetu hii, mlima nao una amri yake. Upepo wenye unyevu unapougonga mteremko wa kusini wa Kilimanjaro hupanda juu, hupoa, na unyevu wake hugeuka mvua. Katika mteremko huo ziko sehemu zinazopata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ndani ya msitu ziko zinazopita 2,000. Mji wa Moshi hupata karibu milimita 900. Ukishuka hadi Kahe na Arusha Chini, mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 600. Milima ya Upare na Usambara nayo huukinga upepo wa bahari, ikaziacha tambarare zilizo nyuma yake, upande wa Mwanga na Same, zikiwa kavu. Tofauti yote hiyo imo katika safari ya gari ya muda mfupi.

Mambo mawili hufuata kutokana na hali hiyo, na Katibu yampasa ayashike. Kwanza, mwanachama mmoja aghalabu ana kihamba cha kahawa na migomba mlimani, na shamba la mahindi chini katika tambarare. Mvua inayotosha kihamba huenda isilitoshe shamba. Maneno "mvua za wastani mkoani Kilimanjaro" hayana budi kusomwa mara mbili, mara moja kwa kihamba na mara moja kwa shamba.

Pili, mvua ya mlimani huifikia tambarare kwa njia ya mito. Weruweru, Kikuletwa, Rau na Ruvu huteremsha maji ya mteremko mzima kabla hayajaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Shamba la bondeni laweza kuzama siku ambayo lenyewe halikupata hata tone. Ndiyo maana yawezekana, katika mwezi mmoja, kijiji kimoja cha tambarare kikalilia ukame na jirani yake akalilia mafuriko, na wote wakawa wanasema kweli.

MANENO YA TANGAZO NA MAANA YAKE

Huduma ya kupima hali ya hewa katika Afrika Mashariki si ya jana. Ilianzishwa mwaka 1929, ikatumikia nchi zetu kwa pamoja hadi Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, ndipo kila nchi ikachukua yake. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za ukanda huu wamekuwa wakikutana kabla ya misimu ya mvua kulinganisha hesabu zao. Siku hizi mikutano hiyo huandaliwa na kituo cha hali ya hewa cha IGAD kilichoko Kenya. Tangazo tunalolisikia, kwa hiyo, lina msingi wa vipimo vya miaka mingi. Shida yetu ni kwamba maneno yake ni ya kitaalamu huku yakifanana na maneno ya kawaida. Tuyatazame.

Wastani. Neno hili halina maana ya "nzuri" wala ya "kutosha". Wastani ni kiasi cha mvua ambacho mahali fulani pamezoea kupata, kwa hesabu ya miaka mingi. Mamlaka yetu huihesabu mvua kuwa ya wastani ikiwa kati ya asilimia 75 na asilimia 125 ya kiasi hicho. Chini ya asilimia 75 ni chini ya wastani. Zaidi ya asilimia 125 ni juu ya wastani. Tuchukue mfano wa kijiji ambacho kwa kawaida hupata milimita 300 katika Masika. Kikipata 225 mvua ni ya wastani. Kikipata 375 mvua ni ya wastani vile vile. Tofauti kati ya kiasi hicho na hiki ni milimita 150, nayo yatosha kutenganisha ghala lililojaa na ghala tupu, ingawa tangazo litakuwa limetimia kote kuwili. Na mahali ambapo wastani wenyewe ni mdogo, kama Same, mvua za wastani bado ni mvua chache.

Nafasi. Ramani za wataalamu huonyesha mafungu matatu: juu, kawaida na chini, kila fungu likiwa na asilimia yake. Tuseme zimeandikwa 45, 35 na 20. Wengi husoma 45 na kusema, "Mwaka huu mvua ni nyingi." Lakini maana yake ni hii: katika misimu 20 yenye dalili kama hizo, tutazamie kuwa takriban 9 itakuwa na mvua nyingi, 7 itakuwa ya kawaida, na 4 itakuwa na mvua haba. Mwaka mmojawapo wa hiyo minne ukitufikia, hatuwezi kumwambia mtaalamu kuwa alitudanganya. Alituambia, sisi hatukuisoma ile 20.

Kuanza kwa mvua. Mvua ya siku moja au mbili si mwanzo wa msimu. Wataalamu huhesabu kuwa msimu umeanza pale mvua ya kutosha inaponyesha kwa siku kadhaa, na isifuatiwe mara moja na kipindi kirefu cha jua. Manyunyu yanayotangulia, ambayo huwavuta wakulima kupanda, yameunguza mbegu nyingi kuliko ugonjwa wowote ninaoujua.

Mtawanyiko. Hili ndilo neno kubwa kuliko yote, nalo ndilo linalosikilizwa kidogo kuliko yote. Fikirini mashamba mawili, kila moja likipata milimita 300. La kwanza linapata milimita 25 kila wiki kwa wiki 12. La pili linapata 150 katika siku kumi za mwanzo, kisha jua kali kwa wiki nne, kisha 150 nyingine mwishoni. Kwenye daftari mashamba hayo ni sawa. Katika ghala hayako sawa hata kidogo, kwa kuwa mahindi ya muda mfupi hutoa mbelewele baada ya siku 50 hadi 60 hivi, na yakikosa maji wakati huo, mvua ijayo baadaye huota majani lakini haijazi magunzi. Tangazo likisema "mtawanyiko hautakuwa mzuri" au "kutakuwa na vipindi virefu vya ukavu", hilo ni onyo hata kama jumla ya mvua imetabiriwa kuwa ya wastani.

KWA NINI MASIKA NI MAGUMU KUTABIRIKA KULIKO VULI

Wanachama huuliza katika mikutano: "Mbona walipatia Vuli, wakakosea Masika?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake lipo.

Vuli hutawaliwa kwa kiasi kikubwa na joto la bahari, na joto la bahari hubadilika polepole, kwa hiyo huweza kuonekana miezi kadhaa mbele. Maji ya Bahari ya Pasifiki ya ikweta yakipata joto kuliko kawaida, hali inayoitwa El Niño, Vuli yetu huelekea kuwa na mvua nyingi. Yakipoa, hali inayoitwa La Niña, Vuli huelekea kuwa haba. Aidha, Bahari ya Hindi yenyewe ina mizani yake: upande wa kwetu ukiwa na joto na upande wa Indonesia ukiwa baridi, mawingu huja kwetu. Mwaka 1997 mambo hayo mawili yalikutana, na mafuriko yaliyofuata hadi mwanzo wa mwaka 1998 yanakumbukwa mpaka leo. Yalikutana tena mwaka 2023. Mwaka 2019 El Niño haikuwa na nguvu, lakini mizani ya Bahari ya Hindi iliinama sana upande wetu, na Vuli ikawa na mvua kubwa mno. Kwa upande mwingine, Vuli ya mwaka 2021, wakati wa La Niña, ilikuwa haba kaskazini mwa nchi, na mifugo mingi ikafa Simanjiro.

Masika hayana bwana mmoja namna hiyo. Uhusiano wake na El Niño ni dhaifu. Mwanachama anayesema, "Mwaka huu kuna El Niño, basi Masika yatakuwa makubwa," anaupeleka usemi wa Vuli mahali pasipo pake. Mvua za Machi hadi Mei hutegemea zaidi mambo ya muda mfupi, ambayo hayaonekani mwezi wa Februari. Mojawapo ni wimbi la mawingu linalozunguka dunia kufuata ikweta katika muda wa siku 30 hadi 60. Likiwa juu ya Bahari ya Hindi huamsha mvua zetu, likishapita hutuachia jua. Jingine ni vimbunga vya bahari, na hasa njia vinayopita.

Miaka miwili iliyofuatana yaonyesha jambo hili kwa uwazi. Mwezi wa Machi mwaka 2018, vimbunga vilipita mashariki ya Madagaska, na Afrika Mashariki ikapata mvua nyingi mno mapema. Mwezi wa Machi mwaka 2019, kimbunga Idai kilipita katika mlango wa bahari wa Msumbiji na kuupiga mji wa Beira, kikauvuta unyevu kuelekea kusini; sehemu nyingi za Afrika Mashariki zikabaki kavu katika wiki ambazo wakulima walizoea kupanda. Bahari ilikuwa ile ile na mwezi ulikuwa ule ule. Tofauti kubwa ilikuwa njia ya upepo. Mwezi wa Mei mwaka 2024 kimbunga Hidaya kiliifikia pwani yetu yenyewe, jambo ambalo ni nadra, katika msimu ambao tayari ulikuwa na mafuriko. Hakuna mtaalamu awezaye kusema mwezi wa Februari kimbunga cha Aprili kitapita wapi.

Funzo ni kwamba tangazo la Februari ni mlango tu. Baada yake huja taarifa za kila mwezi, za kila siku kumi, na za kila siku, na kadiri muda unavyokuwa mfupi ndivyo taarifa zinavyozidi kuaminika. Ofisi yenye tangazo la Februari ukutani lakini isiyo na taarifa ya siku kumi ya Aprili ni sawa na msafiri aliyeuliza njia alipoanza safari, asiulize tena hata alipofika njia panda.

CHAMA KIFANYE NINI

Nitatoa mfano wa vyama viwili, ambavyo sitavitaja kwa majina, katika Masika ya mwaka 2019. Vyote vilikuwa na mashamba katika tambarare, na vyote vilisikia tangazo moja. Chama cha kwanza kiligawa mbegu yote mwanzoni mwa Machi, baada ya mvua ya siku mbili. Mahindi yaliota, jua likafuata, yakakauka yakiwa na majani manne. Katibu, kwa nia njema, akachukua mbegu nyingine kwa mkopo kwa mfanyabiashara, bila muhtasari wa Bodi na bila kutazama ukomo wa madeni. Mvua zilipokuja zilikuwa zimechelewa, na mavuno yakawa machache. Deni la kwanza na deni la pili yakakutana katika msimu mmoja. Nilipokagua vitabu, sehemu ya deni hilo haikuwa na hati yoyote, na Mkutano Mkuu uliofuata haukujadili kilimo. Ulijadili nani alaumiwe.

Chama cha pili kiligawa sehemu ya mbegu tu na kuibakiza theluthi ghalani, pamoja na mbegu za kunde na mtama. Wanachama wake nao waliunguza mbegu ya kwanza. Lakini walipanda tena kwa mbegu iliyokwisha lipiwa, na walioona muda umekwenda walipanda kunde. Hakikutajirika chama hicho, ila kilifunga mwaka bila deni jipya. Tofauti ya vyama hivyo ilitokana na mpango, maana mvua waliipata ile ile.

Kutokana na mifano kama hiyo, natoa mapendekezo yafuatayo:

(a) Bodi ikutane ndani ya wiki moja baada ya tangazo, ikimwalika afisa ugani. Kikao kijibu maswali matatu, na majibu yaandikwe katika muhtasari: mvua zikiwa nyingi tutafanya nini, zikiwa za kawaida tutafanya nini, zikiwa haba tutafanya nini. Kikao kisichokuwa na jibu la swali la tatu kisiahirishwe mpaka lipatikane.

(b) Mkopo wa pembejeo upimwe kwa mwaka mbaya. Tuchukue mfano. Mwanachama anakopeshwa pembejeo za ekari moja kwa shilingi 150,000, na gunia la mahindi tulihesabu shilingi 60,000. Deni ni magunia mawili na nusu. Akivuna magunia 12, analipa bila kuhisi. Akivuna magunia 3, deni lile lile linamwachia nusu gunia la kulisha nyumba yake mpaka msimu ujao. Hatalipa, wala si kwa ukaidi, hawezi. Ndipo deni linapohamia kwenye vitabu vya chama, na wanachama waliolipa wanambebea asiyelipa. Kwa hiyo kila ombi la mkopo liwe na hesabu mbili, ya mwaka mwema na ya mwaka mbaya, na lisipite ukomo wa madeni uliopitishwa na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Zaidi ya hayo, fungu la tahadhari litengwe katika makisio ya mwaka, hata likiwa dogo.

(c) Mbegu igawiwe kwa awamu. Theluthi mbili zitolewe mvua zikiwa zimeshika kweli, na theluthi moja ibaki ghalani. Kwa tambarare, mahindi ya muda mfupi kama ya aina ya katumani yapendelewe. Mbegu za mtama, kunde na mbaazi ziwepo daima. Wazee wetu waliopitia ukame wa mwaka 1973 na 1974, ambao ulizaa kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, hawahitaji kuelezwa thamani ya mazao hayo.

(d) Mbolea ya kukuzia isigawiwe pamoja na ya kupandia. Ikae ghalani mpaka mahindi yameshika na taarifa ya siku kumi inaonyesha mvua. Mbolea iliyomwagwa juu ya udongo mkavu ni fedha iliyomwagwa.

(e) Ghala na njia vitazamwe kabla ya Machi. Paa likaguliwe, mifereji ya kuzunguka ghala izibuliwe, magunia yapangwe juu ya chaga mbali na ukuta. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare ukilowa hunasa malori, basi pembejeo ziwe zimefika kijijini kabla barabara hazijafungwa. Wanachama wa skimu za umwagiliaji, kama ile ya Moshi Chini iliyokamilika mwaka 1987, wasafishe mifereji na mabanio kabla mito haijajaa.

(f) Mavuno yapokelewe kwa uangalifu. Mahindi yaliyoteswa na ukame shambani, na yale yaliyowekwa ghalani na unyevu, yote ni rahisi kushikwa na sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mtunza Ghala asipokee mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5, hata kama mwenye gunia ni Mwenyekiti.

KIPIMAMVUA NA DAFTARI LAKE

Nimekagua vyama vyenye madaftari ya kila aina: daftari la wanachama, la hisa, la ghala, la fedha. Vyama vyenye daftari la mvua ni vichache sana. Hili ni pengo kubwa, kwa maana vituo vya kupimia hali ya hewa ni vichache, na mvua ya tambarare hutofautiana kijiji hata kijiji. Chama kisicho na vipimo vyake hakiwezi kujua wastani wake. Na kisichojua wastani wake hakiwezi kusoma tangazo linalosema "juu ya wastani".

Kazi yenyewe ni nyepesi. Kipimamvua kiwekwe mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa. Umbali usipungue mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Kisomwe kila siku saa tatu asubuhi, na kiasi kiandikwe kwa milimita katika daftari lenye tarehe. Siku isiyo na mvua iandikwe sifuri, wala isiachwe wazi, kwa sababu nafasi tupu haisemi kama mvua haikunyesha au Karani hakufika kazini. Chama kisichoweza kununua kipimamvua kianze na kopo lenye kuta zilizonyooka na rula ya shule, na maji yapimwe kina chake kwa milimita.

Wanachama wafundishwe pia maana ya milimita moja. Ni lita moja ya maji juu ya kila meta mraba. Katika ekari moja ni karibu lita 4,000, yaani mapipa 20 ya lita 200. Mwanachama akijua kwamba mvua ya milimita 10 imemletea mapipa 200 shambani mwake, ataelewa kwa nini twasisitiza matuta ya kukinga maji yasikimbie na kukwatua majani yanayoyanyonya.

Katika daftari hilo hilo uachwe ukurasa wa dalili za wazee: miti iliyochanua mapema, ndege waliofika, mawingu yalivyokaa juu ya mlima, upepo ulivyogeuka. Dalili ya mvua ni mawingu, na wazee wameyasoma mawingu haya kabla ya ofisi zetu kujengwa. Lakini dalili nazo ziandikwe na tarehe zake, kisha zilinganishwe na mvua iliyonyesha. Baada ya miaka kumi chama kitajua ni dalili ipi ya kuaminiwa na ipi ya kusimuliwa tu.

Makatibu wanaombwa kuweka nakala ya muhtasari wa kikao cha Masika pamoja na kumbukumbu za mikopo, ili mkaguzi afikapo avikute mahali pamoja. Vyama vitakavyoanza daftari la mvua msimu huu vilete nakala ya vipimo vyao Chama Kikuu kila mwisho wa mwezi. Vipimo vya vyama vingi vikiwekwa pamoja, tutaweza kuona mvua ya tambarare yetu ilivyogawanyika kutoka kijiji hadi kijiji, jambo ambalo chama kimoja peke yake hakiwezi kuliona. Na mwanachama atakaposimama katika Mkutano Mkuu kuuliza kwa nini mbegu yake ya awamu ya pili ilicheleweshwa, Katibu atafungua daftari, amsomee siku, tarehe na milimita.